Tutalala Wapi? Safari ya Jamaa Toka Likasi



Kila mwaka kiangazi kikifika na watoto wakifunga masomo, wakristo wa hapa Likasi wananiuliza swali moja: "Pasta, mwaka huu tupeleke watoto wapi?" Mmoja alipata kitu kidogo kwenye kazi ya kampuni, mwingine aliuza mahindi, mama mwingine zamu yake ya likelemba imefika. Wanataka watoto waone Lubumbashi na Kolwezi, wasikue wakijua njia ya shule na njia ya soko peke yake. Ni nia nzuri. Lakini mara nyingi hesabu yao inaanza vibaya. Wanahesabu esansi, wanahesabu chakula, wanahesabu hata franga za kuingia kuona nyama za zoo. Juu ya kulala wanasema tu: "Tutaona kule kule."

Ninaandika juu ya ile "tutaona kule kule", maana ilitaka kuua jamaa yangu.

Ilikuwa mwezi wa nane wa 2017. Tulikuwa watu sita: mimi, mama wa watoto, watoto watatu, na ndugu mmoja wa kanisa aliyetuendesha katika motokari yake. Tulitoka Likasi tukiimba. Tulifika Kolwezi jua likiwa juu, tukazunguka mji, tukala, watoto wakafurahi. Jua lilipoanza kushuka tukaenda kwenye oteli ambayo mtu alitwambia iko na bei nzuri. Kijana wa mezani akaniuliza: "Mukubwa, ni ya saa ao ya usiku?" Mimi sikuelewa. Mama wa watoto alielewa mbele yangu, akanivuta mkono wa koti. Binti yetu, alikuwa na miaka 9, akauliza kwa sauti kubwa: "Papa, juu ya nini hapa banalipisha saa?" Wasichana wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Tukatoka.

Oteli ya pili ilikuwa safi, lakini ilitaka karibu mara mbili ya feza niliyoweka mfukoni. Hapo, msomaji, nilipaswa kusema ukweli mbele ya jamaa yangu, kwamba sikufanya hesabu. Kiburi kikanishika. Nikasema: "Likasi si mbali, ni kilometa 180 tu. Tutalala kwetu." Ndugu dereva akanitazama, akanyamaza. Ni vigumu mtu kumkatalia pasta wake.

Wewe unayekaa katika nchi hii ya migodi unajua njia ya Kolwezi ilivyo usiku. Makamio yanabeba shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa, mengine yanarudi na asidi, na kiberiti, na chokaa. Lami iko, ndiyo, lakini lami nzuri njo ile inayowafanya madereva wakimbie. Tulikuwa tumekwisha kupita Fungurume. Kamio moja lilikufa katikati ya njia, halina taa hata moja, hawakuweka hata yale matawi ya miti tunayoweka ili wengine wapunguze mwendo. Ndugu yetu aliliona likiwa mbele ya pua. Akakata kwenda kuume, tukaingia katika majani, tukasimama kwenye kichuguu. Wageni wakija Katanga wanapiga picha za vichuguu vyetu kwa sababu ni virefu kama nyumba. Mimi kila nikiona kimoja ninavua kofia, maana nyuma ya kile kulikuwa miti mikubwa.

Hakuna aliyekufa. Binti yetu alipasuka paji la uso, wakamshona nyuzi sita kesho yake. Usiku ule tulilala kandokando ya moto, katika kijiji ambacho jina lake sikuwahi kuuliza. Mama mmoja wa pale alitupa mkeka na maji ya moto, akakataa franga zetu. Niliokoa bei ya chumba kimoja. Kutengeneza motokari ya ndugu ilikula bei ile mara nane, nikailipa kidogo kidogo mpaka mwaka mwingine.

Tangu siku ile binti yetu, kila akisikia neno safari, haulizi tutakula nini wala tutaona nini. Anauliza: "Papa, tutalala wapi?" Nisipokuwa na jibu haendi. Mwezi wa pili wa 2019, kwenye njia ile ile, kamio lenye asidi liligongana na magari mengine na karibu watu 20 wakafa, wengine wakaunguzwa na asidi ile. Habari ilipofika hapa nyumbani, yeye alikuwa anaosha sahani. Alisimama tu, hakusema kitu. Mimi nikatoka inje.

Kwa hiyo, baba na mama mnaosoma, franga za kitanda ziwekwe pembeni mbele ya franga nyingine zote. Kitanda si anasa. Kitanda ni kile kinachokutoa kwenye njia wakati makamio yanabaki na giza. Katika mfano wa Msamaria tunahubiri sana juu ya mafuta na divai, tunasahau kwamba Msamaria alilipa nyumba ya wageni, tena alilipa mbele, akaacha dinari mbili mezani.

LIKASI IKO KATIKATI

Tazama namna Mungu alivyotuweka. Toka hapa mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 120. Toka hapa mpaka Kolwezi ni karibu 180. Mtu wa Lubumbashi akitaka kwenda Kolwezi pasipo kuchoka, analipa kitanda hapa Likasi. Sisi hatulipi, ni kwetu! Basi usifanye safari moja ndefu. Fanya safari mbili zenye kurudi nyumbani katikati. Sisi sasa tunafanya hivi: tunalala Lubumbashi usiku mbili, tunarudi Likasi, tunafua nguo, tunalala katika vitanda vyetu, kisha tunaondoka alfajiri kwenda Kolwezi na kulala kule usiku moja. Safari ya siku tano, lakini usiku wa kulipa ni tatu tu. Na siku zote motokari iwe imesimama mbele jua lishuke.

Juu ya kupata kitanda, usimwulize mtu wa Likasi oteli gani ni nzuri Kolwezi. Uliza mtu anayekaa Kolwezi. Kama wewe ni mtu wa kanisa, uko na ndugu katika kila mji: piga simu kwa mzee wa kanisa wa kule, yeye anajua nyumba ambayo hawezi kuona haya kukuona ukitoka asubuhi na watoto. Parokia nyingi na misioni nyingi ziko na vyumba vya wageni. Havina televizyo, pengine maji ni ya ndoo, lakini mlango unafungwa mapema na hakuna muziki. Usiogope kulala kwa Wakatoliki. Mimi nililala kwao, masista walinipa chai na mkate, na niliamka bado Mprotestanti.

Unapopiga simu, uliza mambo haya pasipo haya. Je, vyumba vinalipwa kwa usiku tu? (Sasa unajua sababu.) Motokari italala wapi, kuna lupango lenye ukuta na mlinzi? Watoto wanaweza kulala kwenye matela chini katika chumba cha wazazi, na wataongeza ngapi? Bei ni ya dola ao ya franga, na wanahesabu dola kwa franga ngapi siku hiyo? Ukifika, ona chumba kwanza, fungua bomba, washa taa, kisha lipa. Na dola zako ziwe nzima. Noti iliyopasuka hata kama ukucha wa mtoto, hawapokei, na wewe utabaki umesimama na mizigo.

Kolwezi vyumba ni bei kali kuliko Lubumbashi. Makampuni ya migodi yanajaza oteli kwa wafanyakazi wao, na mwenye oteli anajua kampuni italipa. Lubumbashi mji ni mkubwa, ukitoka kidogo katikati unapata chumba cha bei ya mtu wa kawaida. Ndiyo maana tunalala usiku mbili Lubumbashi na moja tu Kolwezi.

Wengine watasema: "Pasta, sisi tuko na jamaa kule, tutalala bure." Ni vizuri, karibisheni na mkaribishwe. Lakini fahamu kwamba huwezi kufika mikono mitupu, utabeba kiroba cha unga na samaki. Tena ukifika, habari inatembea: "Pasta wa Likasi amefika na motokari!" Kufika jioni kuna shangazi mgonjwa, kuna mpwa anayetaka feza ya minerval, na kuna ugomvi wa lupango unaongoja mwamuzi. Nililala bure hivyo mara moja. Ilikuwa usiku wa bei kubwa kuliko zote.

UPANDE WA LUBUMBASHI

Njia hii ni fupi, usiikimbie. Kuna vituo vya kulipa peaji, weka franga ndogo ndogo tayari. Polisi ya rulaji wataomba karatasi za motokari, zima-moto, na ile pembe tatu nyekundu. Ukiwa navyo vyote, unaokoa maneno mengi. Kila mtu mkubwa abebe kadi yake.

Kwenye daraja la Lufira simama pahali pazuri, nje ya njia, na waambie watoto kilichopita hapo. Mwanzo wa 1963, vita vya kujitenga kwa Katanga vikikaribia kwisha, askari wa Katanga walibomoa madaraja ya mto huu ili jeshi la Umoja wa Mataifa lisiingie Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati ule. Askari Wahindi wakavuka hata hivyo. Lakini usitoe aparei ya picha kwenye daraja. Vilevile kwenye bwawa la umeme na kwenye mgodi. Kabla ya kupiga picha, uliza. Wakikataa, sema aksanti na uende.

Maji ya mto huu njo yale yanayojaza ziwa Tshangalele, ziwa ambalo watu walilitengeneza kwa kuufunga Lufira pale Mwadingusha. Umeme wa Mwadingusha ulianza kutoka mwaka 1930, kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mtoto wa Likasi anayewasha taa ya kusoma anapaswa kujua inatoka wapi. Upande wa Kapolowe wavuvi wanauza samaki wabichi na wa kukauka. Nunua wakati wa kurudi, usinunue wakati wa kwenda. Wenzako wa chumba watakushukuru.

Katika Lubumbashi, vitu vizuri vya kuona si vya bei. Musée ya taifa iko katikati ya mji. Mle watoto wataona misalaba midogo ya shaba ambayo babu zetu walitumia kama feza, na kuwazika nayo wafu wao, mbele Mzungu hajajua Katanga iko wapi. Mvulana wangu aliuliza: "Kumbe babu walikuwa wanajua kuyeyusha shaba?" Ndiyo. Hapo nilijuta kwamba alifika miaka 12 akifikiri shaba ilianza na Union Minière. Kampuni ile ilizaliwa mwaka 1906, mji wa Élisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ya tanuru ya Lubumbashi ikatoka 1911. Ile bomba ndefu ya moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba utaviona kutoka pahali pengi mjini, na kuvitazama hakulipiwi. Zoo inalipiwa; panga nusu ya siku, na beba chakula chenu. Jioni mama mmoja wa kona atawauzia bukari na sombe, ao vitumbula vya moto, na mtashiba vizuri kwa bei ndogo.

UPANDE WA KOLWEZI

Huku ondoka alfajiri. Mapema kidogo nyuma ya Kambove utapata Mulungwishi. Mkristo wa Kiprotestanti asipite pale kama kuku. Ni misioni ya zamani ya Wametodisti, na leo Chuo Kikuu cha Kimetodisti cha Katanga kiko pale, chini ya miti. John Springer na mke wake Helen, wamisionari toka Marekani walioleta kazi ile Katanga, mwaka 1907 walitembea kwa miguu toka Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe ya Zambia, mpaka Angola. Niliwaelezea watoto habari hiyo tukiwa tumekaa pale kwenye kivuli tukila mayai ya kuchemsha. Binti yetu akauliza, mnajua swali gani.

Fungurume tunapita polepole. Kilichokuwa kijiji kimekuwa mji tangu mgodi mkubwa wa Tenke-Fungurume uanze kutoa shaba mwaka 2009. Vumbi ni nyingi, watu wa kinga na mifuko ya makala wanabanana na makamio. Nunua maji, usikae sana.

Mbele ya Kolwezi kuna daraja la Lualaba. Hapa tunasimama tena, nje ya njia, pasipo picha. Mto unaonekana mdogo, mtoto anaweza kurusha jiwe karibu afikishe ng'ambo. Lakini njo huo huo unaoshuka kaskazini, unapokea Lufira yetu, unafika Kisangani, unaitwa Kongo, unapita Kinshasa na kuingia baharini. Yule mdogo wetu alitupa jani na kusema: "Kwenda, usalimie Kinshasa."

Kolwezi yenyewe, tangu ilipokuwa kichwa cha mkoa wa Lualaba mwaka 2015, inabadilika kila mara: majengo mapya, motokari mpya, na mashimo ya migodi karibu na nyumba za watu. Ukipata mzee, mwombe akuelezee mwezi wa tano wa 1978, wakati vita iliingia mjini na watu wengi wakafa, weusi kwa weupe. Usimsukume. Wazee wengine wanasimulia, wengine wanabadilisha maneno. Kama feza imebaki, tafuta mtu wa kuwapeleka upande wa ziwa la Nzilo, pahali pa hewa nzuri. Lakini nyuma ya chakula cha mchana mrudi mjini, kwenye kitanda kilicholipwa.

Watu wananiuliza pia juu ya Shinkolobwe, maana iko karibu sana na sisi, na dunia nzima inajua uranyumu wake ulitumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Jibu ni fupi: hapana. Mgodi ulifungwa kwa amri mwaka 2004, na mwaka ule ule udongo uliporomoka na kuua watu. Si pahali pa kupeleka mtoto. Na yule asiye na franga hata za esansi, aanzie hapa hapa mjini. Wageni wanatoka Irlandi kuja kuona pahali ambapo askari wao zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa walizungukwa siku tano katika mwezi wa tisa wa 1961. Sinema yake ilitoka mwaka 2016, watu wa mbali wameiona, na watoto wetu wanacheza mpira karibu na pale pasipo kujua.

Mwaka jana tulifanya safari yote tena, ile ya siku tano. Binti yetu sasa ni msichana mkubwa. Siku ya kwenda Kolwezi alikuwa na karatasi mkononi: jina la nyumba ya wageni, namba ya simu, bei, na saa ya kufika. Yeye mwenyewe alipiga simu zote, akabishana bei mpaka akapunguziwa matela ya watoto. Mbele ya Fungurume nilimwonyesha kichuguu. Majani yamekifunika upande mmoja. Akakitazama mpaka tukakipita, kisha akaomba abadilishe nafasi, akae mbele karibu na dereva.

Mwaka huu anataka Bunkeya, kwenye mji wa Mwami Msiri, aliyeuawa na watu wa msafara wa Stairs tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili 1891, na ambako mmisionari Arnot alifika 1886. Wayeke wanaadhimisha tarehe ile kila mwaka, na yeye alitaka twende siku ya sikukuu yenyewe. Nilimwambia mwezi wa kumi na mbili ni mvua, na njia ile ni ya udongo. Alifikiri kidogo, akafuta, akaandika mwezi wa nane. Mbele ya neno "kulala" aliacha nafasi tupu. Kwa hiyo, kama kuna msomaji wa Bunkeya anayejua nyumba safi, yenye mlango unaofungwa na matela mawili ya ziada, aandikie gazeti hili, wao watanifikishia.